Mafuta ya Kiboko

Asubuhi mama mkwe wangu alipomfungua mjukuu wake kanga ili amwogeshe, kisha akanyamaza, mimi nilikuwa uani nikikata sabuni kwa waya. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Kwa desturi ya kwao na ya kwetu pia, mkwe wa kike na mkwe wa kiume hawasemezani wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo tangu alipofika nyumbani kwangu Igogo, alikuwa akizungumza nami kupitia kwa mtoto wa siku chache.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kuni zimebaki mbili."

"Mjukuu wangu, muulize baba yako: huko shule walikomfundisha Kiingereza, kuziba paa linalovuja hawakumfundisha?"

Nami nilikuwa nacheka upande wangu wa ua wa matete, kisha naenda kutafuta kuni. Asubuhi ile alikuwa akiimba huku akipima joto la maji. Wimbo ukakatika katikati. Kisha nikasikia akimwita mke wangu: "Njoo uone mtoto wako."

Mke wangu akapiga ukelele, nami nikakimbilia mlangoni, nikasahau mambo ya ukwe. Ngozi ya binti yangu ilikuwa nyekundu shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Mahali pengine ilikuwa ikibanduka kama ganda la kitunguu. Alikuwa na siku kumi na moja duniani.

Nilisimama pale na waya mkononi. Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu, lakini mshtuko wa asubuhi ile una jambo lake. Watu hushtuka kwa sababu hawajui kilichotokea. Mimi nilishtuka kwa sababu nilijua.

Sabuni nilianza kupika nikiwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi, na katika mtaa wetu wakati ule hilo lilikuwa jambo la kumfanya mtu atembee akiwa ameinua kidevu. Shuleni mwalimu wa sayansi alituonyesha siku moja jinsi mafuta ya ng'ombe yanavyochemshwa na kostiki, ile soda kali ya dukani inayochoma ngozi, hadi yawe sabuni. Alitushikisha kile kipande, akasema, "Hapa hakuna mafuta tena, wala hakuna kostiki. Kimezaliwa kitu cha tatu." Nililipenda sana neno lile. Sikujua litakuja kunitumikia vipi.

Mafuta nilikuwa nayapata kwa jirani yangu mwenye bucha, mzee Mwislamu aliyezaliwa Tabora na kukulia hapa hapa Mwanza. Alikuwa ananiwekea mafuta ya figo na mabaki ya ubaoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Umekuja kuninyang'anya mafuta yangu tena?"

"Nimekuja kuyasomesha, mzee."

"Yasomeshe, lakini yasijifanye wazungu." Halafu alikuwa anainua kidole, kila mara, kama vile hajawahi kuniambia. "Ng'ombe tu, karani. Kanzu yangu ya kusalia inafuliwa kwa sabuni yako. Usinichanganyie kitu nisichokijua."

"Ng'ombe tu, mzee."

Nilikuwa nayeyusha mafuta, nachuja makapi kwa kitambaa, namimina kostiki iliyokwisha kuyeyushwa kwenye maji, kisha nakoroga mpaka uji uwe mzito. Baadaye naumimina kwenye kisanduku cha mbao, naukata ukishaganda, na kuvipanga vipande juu ya uchaga mwezi mzima vikauke na kupoa ukali. Mke wangu alinisaidia kukoroga. Alikuwa akinitania mbele za watu, "Bwana Darasa la Kumi anapika, leo tutakula mapovu." Lakini nilijua anajivuna. Wanawake walikuja mlangoni kuulizia sabuni ya karani.

Mke wangu alitoka visiwani. Ukoo wao ulikuwa na mwiko wa kiboko. Hawamli, hawamgusi, hawavai ngozi yake, hata jina lake hawalitaji, humwita Mzee. Tulipokuwa tukitembea kando ya ziwa, akiona nyayo zile za mviringo kwenye tope, alisimama na kusema taratibu, "Mzee amepita." Nilimcheka. Nilimwambia kuwa mzee wake anakula viazi vya watu na kukanyaga mpunga. Alisema, "Wewe cheka. Huyo hakukutoa wewe majini." Walisimuliana kwao kwamba babu yao wa kwanza alipinduka na mtumbwi, akaelea mpaka alfajiri kati ya viboko, wasimdhuru. Mimi niliyaita hayo ushamba. Nilitumia neno hilo hasa, mezani kwangu, mbele ya mke wangu.

Mwaka ule wa Uhuru, kadiri Desemba ilivyokaribia, mji mzima ulitaka kuwa mweupe. Wanaume walitafuta mashati, wazee walitoa kanzu masandukuni, wanawake walifua mashuka yasiyokuwa na doa. Kila mtu alitaka sabuni, na kila aliyekuja nilimwambia, "Itakuwepo." Nilikuwa na hamu moja: siku ya bendera nisimame uwanjani nizione nguo zile na niseme moyoni, weupe huu ni kazi yangu. Lakini mzee wa bucha akaniambia mafuta hakuna. Watu walikuwa wakinunua nyama na mafuta yake, wakijiandaa kwa karamu.

Hapo ndipo nikasikia kwamba kiboko dume amepigwa risasi ufukoni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, kwa sababu alikuwa akimaliza mashamba. Sikufikiri. Nilifunga madebe mawili kwenye baiskeli nikaenda.

Watu walikuwa wamejaa juu yake kama siafu, kila mmoja na kisu. Mafuta yale sijawahi kuona mfano wake: mapana, mazito, meupe kama maziwa yaliyoganda, hayana harufu ya bucha.

"Karani, unachukua mafuta tu? Nyama umemwachia nani?" mmoja akanipigia kelele.

"Mwacheni, ana mke mja mzito, anataka kumnenepesha!"

Walicheka, nami nikacheka nao. Niliyayeyusha hapo hapo ufukoni, kwenye moto wa watu, ili nisifike nyumbani na kitu chenye umbo. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba ninaficha. Mtu anayejidanganya kuwa hafanyi kosa hachagui mahali pa kuwashia moto.

Mke wangu aliinama juu ya debe, tumbo likimtangulia. "Mbona meupe hivi?"

"Ng'ombe wa Buswelu," nikasema. "Wamekula majani mabichi."

"Ng'ombe hao na mimi wanialike."

Kesho yake nilimimina kostiki kabla ya kwenda kazini. Niliongeza kijiko kizima juu ya kipimo changu cha kawaida ili igande upesi. Nikamwachia mke wangu fimbo ya kukorogea. Nilipoondoka alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yametanuka kupisha tumbo, mikono imerukiwa na uji ule mpaka viwikoni. Nilimtazama, nikapanda baiskeli. Barabarani nilijiambia lile neno la mwalimu: hakuna mafuta tena, kimezaliwa kitu cha tatu.

Sabuni ilikuwa nyeupe kuliko zote nilizowahi kupika. Ilikaa kwenye uchaga wiki moja tu badala ya mwezi, nikaanza kuigawa. Wanawake walirudi wakininyooshea viganja. "Karani, sabuni yako safari hii ina meno!" Niliwajibu kwamba ndivyo inavyong'ata uchafu. Na kwa kuwa ilikuwa nyeupe na haina harufu, nilichagua kipande kilichonyooka kuliko vyote, nikakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kwa ajili ya mtoto.

Basi ndiyo asubuhi ile. Mkwe wangu hakuitazama sabuni. Alimtazama mwanawe.

"Umekula wapi?"

"Nimekula nini, mama?"

"Ngozi hii naijua. Binti wa shangazi yako alizaa mtoto akabanduka hivi hivi. Alikuwa amepikiwa Mzee kwa watu, hakuuliza. Wewe umekula wapi?"

"Mama, sijala."

"Mimba hutamani vitu. Nami sikuwepo. Mji huu una nyama za kila namna."

"Sijala, mama! Naapa kwa huyu mtoto."

"Usimwapie huyo. Huyo ndiye anayebanduka."

Alitoka, akarudi na mizizi. Sijui aliipata wapi katika mji asioujua. Aliitwanga, akaichemsha, akaipoza. Ilikuwa dawa ya kutapisha. Alisema kilichomo tumboni lazima kitoke, la sivyo mtoto ataendelea kunyonya sumu ya mwiko. Mke wangu alikuwa amejifungua siku kumi na moja tu zilizopita. Alikuwa bado anatembea akishika ukuta.

Nilikuwa mlangoni. Niligeuza uso kama mkwe anavyotakiwa, lakini niliona. Alikunywa bakuli la kwanza, akatapika uji aliokunywa asubuhi. Mama yake aliuchunguza kwa kijiti. Akampa la pili. Akatapika maji ya njano. Alipopumzika, akishika tumbo kwa mikono miwili, alinitazama juu ya kichwa cha mama yake.

"Wewe unajua ninachokula," akasema. "Mwambie."

"Hajala," nikasema.

Neno hilo lilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mkwe wangu hakunigeukia. Alimwambia mtoto, "Baba yako ni mwanamume. Wanaume hawajui tunachokula." Akajaza bakuli la tatu. Lile mke wangu alilitapika bila kitu, sauti tupu, huku maziwa yakimlowanisha kifua kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Nilirudi uani. Kila sabuni niliyopika maishani nilikuwa naionja kabla haijatoka. Ndivyo wapishi wa sabuni wanavyojua kama kostiki imebaki: unagusa kwa ncha ya ulimi, ikiuma, bado. Nilichukua kipande kwenye uchaga, nikakigusa kwa ulimi. Kiliniuma kama ncha ya betri ya tochi, nikatema, machozi yakanitoka. Basi hapakuwa na mwiko uliomuunguza mtoto. Kilikuwa ni kile kijiko changu na haraka yangu.

Hata hapo nilitafuta njia ya pembeni. Niliingia nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha mama yake asikie, kwamba ni sabuni, haikukaa vya kutosha, mtoto aogeshwe maji matupu na apakwe samli. Nilidhani nimeokoa kila kitu. Mtoto atapona, mke wangu hatashutumiwa, na kiboko atabaki ufukoni.

Mke wangu alikuwa amelala ubavu, midomo imemkauka.

"Sabuni yako haijawahi kumuunguza mtu."

"Hii ilitoka mapema."

"Uliionja?"

"Hii... sikuionja."

"Wewe huionja hata ukiwa na homa. Hii kwa nini hukuionja?"

Jibu lake nami nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Mimi, wa kitu cha tatu, niliyeuita mwiko wa kwao ushamba, nilikuwa nimeshindwa kutia ulimini sabuni iliyotoka kwa mnyama yule. Nilikuwa nimesimama mbele ya uchaga siku ile nikiwa na kipande mkononi, kinyaa kikanishika, nikakirudisha. Ningeionja, ningejua. Sikuionja kwa sababu, pale niliposema hakuna kiboko, niliona kiboko.

Alinitazama mpaka akayaona yote usoni mwangu. Kisha akainua mikono yake polepole, akaitazama, huku na huku.

"Nimekoroga," akasema. "Mpaka hapa." Akagusa viwiko.

Hakulia. Mama yake, aliyekuwa amekaa na mgongo kwangu, aliacha kumbembeleza mtoto. Kesho yake asubuhi walipanda boti ya visiwani wote watatu. Mimi nilibeba mizigo mpaka gatini, nikaiweka chini, nao wakaichukua bila kunigusa mkono.

Siku ya bendera nilikwenda uwanjani. Watu waliimba hadi sauti zikakauka. Mzee wa bucha alikuja amevaa kanzu inayoumiza macho kwa weupe, akanishika bega. "Karani, mtazame babu yako! Uhuru na usafi!" Sikuweza kuvumilia. Nilimvuta pembeni nikamwambia mafuta yalikotoka. Furaha ilimtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliitazama kanzu, akaishika kwa vidole viwili kifuani akaitenga na mwili wake.

"Nimesalia hii Ijumaa mbili," akasema.

"Nisamehe, mzee."

"Kanzu nitaiosha. Mke wako yuko wapi?"

Nilimweleza. Aliponisikia nikisema nimekwisha kuandika barua ya kurasa nne kwenda kisiwani, alicheka kicheko kibaya. "Ya Kiswahili au ya Kiingereza? Nenda mwenyewe, wewe."

Sikwenda. Barua ile ilieleza mambo vizuri sana: kostiki, kipimo, wiki moja badala ya mwezi, na radhi mwishoni. Baada ya wiki kadhaa mtu wa boti alinirudishia, imefunguliwa na kusomwa, pamoja na neno la wazee: sisi huku tunamtakasa mtu, barua hatuna maji yake. Nilikasirika. Nikangoja. Nilingoja mpaka mvua za masika zikaisha, na watu wa boti wakaniambia mtoto amepona, amenenepa, anakaa mwenyewe. Hilo ndilo lililonitoa. Binti yangu alikuwa amejifunza kukaa nami sipo.

Kule kisiwani wazee walinisimamisha uani, wakanisikiliza, wakaninyunyizia maji yenye majani na kunipa ya kunawa mpaka viwikoni. Walimfanyia hivyo hivyo mke wangu kabla yangu, miezi mingi iliyopita. Ilikwisha upesi kuliko nilivyotarajia. Wazee waliondoka kwenda kunywa. Nilibaki nimeinamisha kichwa, kwa kuwa mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa mbele yangu.

"Nitazame," akasema.

Nilidhani anasema na mtu mwingine. Hakuwahi kusema nami hivyo kabla wala baada. Nilipoinua macho niliona uso wake kwa mara ya kwanza, wazi, bila kanga. Ulifanana na wa mke wangu kiasi cha kunitisha.

Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya kiboko. Hakuniuliza juu ya kiboko.

"Bakuli la kwanza ulikuwa mlangoni?"

"Nilikuwa mlangoni, mama."

"La pili?"

"Nilikuwepo."

"La tatu?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ukijua."

"Nikijua."

Alipumua kwa pua. "Mimi nilimtesa mwanangu kwa kutojua. Wewe ulinitazama nikimtesa." Akajifunika kanga, akageuka. Ilikuwa kana kwamba hakuwahi kufunua uso.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mtoto kiunoni. Mtoto alinikodolea macho kama mgeni, na mgeni nilikuwa. Mke wangu alisogea hatua mbili.

"Nina swali moja tu," akasema. "Ungenyamaza mpaka bakuli la ngapi?"

Nilifungua kinywa kusema kwamba lile la tatu ndilo lingekuwa la mwisho, kwamba nilikuwa karibu kusema, kwamba la nne nisingeruhusu. Maneno yalikuwepo, yamepangwa kama ya barua. Lakini nilijitazama pale mlangoni, waya mkononi, nikajaribu kujiona nikiingia na kumpokonya mama yake bakuli. La nne. La tano. Sikujiona nikiingia.

"Sijui," nikasema. "Sijui kama kuna bakuli ningesema."

Uso wake ulibadilika kana kwamba nimempiga. Aliingia ndani. Nilikaa chini kwenye vumbi nikijua nimekwisha kumpoteza kwa ukweli, baada ya kushindwa kumpoteza kwa uongo. Boti ilikuwa karibu kuondoka. Nilisikia watu wakiitana ufukoni.

Alipotoka alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na amejitwika mzigo wa nguo. Hakunipa mzigo nimsaidie. Alinipita, akashuka kuelekea kwenye boti, na nilipochelewa kuinuka aligeuka nusu.

"Unakaa?" akasema.

Niliinuka nikamfuata. Tuliishi pamoja miaka arobaini baada ya hapo, naye hakulirudia swali lile hata siku moja. Mimi ndiye ninayejiuliza, na kila nikifika bakuli la nne, bado niko mlangoni.